Maua Yasiyopenda Maji ya Ziwa

Gwamaka na Andembwisye, wadogo zangu wa bustanini, mmenitumia ujumbe mara mbili kwamba niwaandikie habari za azalea kabla sijasahau. Kusahau bado. Magoti ndiyo yaliyokataa, na mtunza bustani asiyeweza kupiga magoti hana kazi ila kusimama akiwatazama wengine wakikosea, nanyi mngenichoka kabla ya wiki kwisha. Kwa hiyo nimekaa kibarazani kwangu hapa Ngonga, nimeweka ubao juu ya mapaja, naandika. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alipata mshahara gani siziandiki. Hazijawahi kumsaidia mtu kuotesha kitu.

Nilianza kazi nikiwa mwanaume mzima, mwenye mke na migomba yangu, wakati Wadachi walipokwisha kujenga nyumba ya forodha ufukweni wakawa wanatafuta watu wa bustani. Nilijiona najua kulima. Jembe langu lilikuwa la Wakinga wa milimani, chuma kizuri, nami nilikwenda nalo begani kama mtu anayekwenda kuwafundisha wengine. Aliyenipokea alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, kanzu ameikunja mpaka magotini, jina lake Fundi Salimu wa Tanga. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika bustani za Wadachi huko Usambara. Bwana wake alipohamishiwa Nyasa, naye alihamishwa, kama meza.

"Umeleta nini?" akaniuliza.

"Jembe."

"Liegemeze pale ukutani. Leo utatumia vidole."

Alinikalisha chini mbele ya rundo la udongo akaniambia niuvunjevunje, niunuse, niuloweshe, niufinye, kisha nimweleze una nini. Watu waliokuwa wakipita na mizigo kwenda bandarini walicheka. Mmoja alikuwa shemeji yangu, naye akapeleka habari kijijini kabla sijarudi: Ambilikile amekwenda kwa Wadachi kucheza matope. Jioni Fundi aliniuliza udongo una nini, nikasema, "Ni udongo tu." Akasema, "Kesho utarudia."

Siku ya tatu ndipo nilipoweza kumwambia kwamba ule udongo mweusi wa bonde letu unashika maji kama ngozi ya ng'ombe, kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mguu, na mzizi mwembamba ukiwa ndani yake utakufa mara mbili, kwanza kwa kuzama, halafu kwa kukatika. Fundi Salimu akakubali kwa kichwa. "Sasa chukua jembe lako," akasema. Kiswahili changu hiki mnachokisoma kilianzia hapo, kwenye matuta, kwa mtu yule. Kuandika nilifundishwa baadaye na wamisionari, na wao pia hawakuwa na haraka.

Mwaka wa pili wa kazi yangu bwana wa forodha alioa, na mke wake akaja na meli ya ziwani. Tulimwita Bibi Heda. Masanduku yake ya nguo yaliteremshwa na wapagazi wa kawaida, lakini kulikuwa na masanduku mengine manne, ya mbao na vioo, ambayo hakumruhusu mtu kuyashika mpaka Fundi Salimu alipokuja. Ndani mlikuwa na vichaka vidogo vilivyotoka kwao Ulaya, vikapanda meli baharini, vikapita mito na kubebwa mabegani mpaka vikaingia Nyasa. Vingi vilikuwa vimekufa njiani. Vilivyobaki hai vilikuwa kumi na saba.

"Hivi vimetoka bustani ya mama yangu," Bibi Heda alisema. Kiswahili chake wakati ule kilikuwa cha maneno machache, na maneno yale alikuwa ameyafanyia mazoezi. "Mama amekufa. Vikifa, basi."

Vilikuwa vya aina mbili. Sita vilikuwa na majani makubwa, mazito, yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Hivyo aliviita rododendroni. Kumi na kimoja vilikuwa na majani madogo kama ukucha, yenye vinyweleo laini. Hivyo aliviita azalea. Sisi ambao ulimi wetu haukuzaliwa na herufi ya zeti tuliita "asalea", naye akaacha kutusahihisha baada ya mwezi mmoja.

Tulivipanda vyote mbele ya nyumba, kwenye udongo ule ule mweusi, kwa kuwa bwana mwenyewe alichora mstari kwa fimbo akasema viwe pale. Fundi Salimu alimwambia kwa adabu kwamba udongo haufai. Bwana alisema udongo ni udongo. Nilikumbuka kwamba nami niliwahi kusema hivyo, lakini mimi nilipewa siku tatu za kurudia.

Baada ya majuma machache majani yalianza kugeuka. Hayakunyauka. Yaligeuka manjano kati ya mishipa, mishipa yenyewe ikabaki kijani, mpaka kila jani likawa kama ramani ya mito. Kile kilichokuwa karibu na ukuta, mahali chokaa ilipomwagika siku ya kupaka nyumba, ndicho kilichotangulia kufa. Kikafuata kingine ambacho mpishi, kwa wema wake, alikuwa akikimwagia majivu ya jikoni kila asubuhi. Bwana alipita akiangalia, akatoa hukumu: hatumwagilii.

"Maji!" akasema. "Asubuhi, mchana, jioni. Ziwa liko pale!"

Tukachota ziwani. Kadiri tulivyochota ndivyo majani yalivyozidi kuwa manjano. Rododendroni mbili zikafa, azalea tatu zikafa. Bwana alimwita Fundi Salimu mbele yetu sote akamwambia kwamba ikifa nyingine, atamrudisha pwani kwa miguu, na mimi nitapewa hamsa ishirini. Ninyi hamkuionja hamsa ishirini. Ni viboko ishirini na tano, vya ngozi ya kiboko mwenyewe. Nilikuwa nimewaona watu waliopigwa, wakalala kifudifudi wiki nzima.

Siku zile nilivikagua vichaka vile kila asubuhi kimoja kimoja. Kimoja tu kilikuwa kijani kitupu. Kilikuwa azalea ndogo kuliko zote, iliyokuwa mwisho wa mstari kwenye pembe ya nyumba, nyuma ya pipa la mvua, chini ya ukingo wa bati. Nilifikiri ni kivuli, lakini jirani yake alikuwa na kivuli hicho hicho na alikuwa manjano. Nikafikiri ni udongo, nikaufinya, ukawa ule ule. Kisha mvua ikanyesha nikiwa pale pale nimechuchumaa, na maji ya batini yakateremka yakanimwagikia mgongoni, yakaishia kwenye shina la azalea ile.

Nilikwenda kwa Fundi Salimu nimelowa. "Fundi," nikasema, "ile ya pembeni hainywi maji ya ziwa. Tunaisahau kila siku kwa sababu iko nyuma ya pipa. Inakunywa mvua tu."

"Usiseme kwa bwana," akasema. "Kwanza tuone kwa macho."

Tulichukua azalea mbili zilizougua sawasawa, tukazihamishia kwenye masanduku. Moja tukaipa maji ya ziwa, nyingine ya mvua kutoka kwenye pipa. Baada ya mwezi na nusu hatukuhitaji kubishana. Ile ya mvua ilichipua majani mapya, kijani cha ndizi changa. Ile ya ziwa tulikuwa karibu kuizika. Hili mlishike: maji ya ziwa letu ni matamu kinywani na samaki wanayapenda, lakini yana kitu cha ukoo mmoja na chokaa, na azalea haitaki kuonja chokaa. Kiangazi, pipa la mvua lifungieni kama mnavyofungia mbegu.

Maji tulikwisha kuyapata, udongo bado. Na udongo ulinipeleka kwa mtu wa pili aliyenifundisha kazi.

Upande wa mashariki, milima inapoingia ziwani, wanaishi Wakisi, ambao wanaume wao ni wavuvi na wanawake wao wanafinyanga vyungu. Siku za soko walileta vyungu kwa mitumbwi mpaka bandarini kwetu. Mmoja wao aliitwa Mama Rebeka, mama wa makamo, mabega mapana, aliyesafiri na kaka yake wa kupiga kasia. Nilimwendea, nikamsalimu, nikamwambia nataka vyungu vipana, vifupi, vyenye matundu matano chini.

"Matundu?" akasema.

"Matano."

Aliwageukia wenzake. "Njooni msikie! Vyungu vilivyotoboka nimevitupa miaka yote, kumbe mteja wake alikuwa Ngonga!" Wakacheka wote, nami nikacheka maana sikuwa na la kufanya. Kisha akaniuliza ni vya nini, nikamweleza mimea, mizizi yake ilivyo myembamba kama nywele, na jinsi inavyokufa kwenye udongo wetu. Hapo hakucheka. Aliniuliza maswali kama anayeulizia mgonjwa.

"Udongo wangu mimi nautaka ushike," akasema. "Wewe unautaka uachie. Basi usije kwangu kwa udongo. Panda juu msituni, mahali pale penye majani yanayochipuka yamejikunja kama mkia wa kinyonga. Pale miguu inazama, na chini hakuna udongo, kuna majani yaliyooza. Ndio huo. Sisi tunaukwepa, haufinyangiki."

Nilipanda milimani siku mbili, nikaukuta kama alivyosema: mboji nyeusi, nyepesi, yenye harufu ya uyoga, inayochuruzika vidoleni. Tuliishusha kwa vikapu. Tukachanganya na mchanga mnene wa mtoni kidogo na maganda ya miti yaliyochakaa. Vyungu vya Mama Rebeka vilikuja baada ya mwezi, vyekundu, vyembamba, vyenye matundu matano yaliyopangwa vizuri kuliko nilivyoomba. Chungu kile kinavuja jasho, ndiyo maana mizizi inapoa hata jua la Oktoba likiwaka. Sanduku la mbao halifanyi hivyo, na debe la bati linaipika mizizi kama mihogo.

Rododendroni zile kubwa, hata hivyo, hazikupona. Zilikuwa nne, kijani, lakini zimekaa tu kama wageni wasiokula. Fundi Salimu alisema wazi kwamba hizi zinataka baridi, na baridi hailetwi kwa kikapu. Ilibidi mtu amwambie Bibi Heda, naye Fundi akanituma mimi, akisema wewe una mke, unajua kuongea na mwanamke. Ilikuwa uongo mtupu. Aliogopa.

Nilimkuta barazani. Nikasema, "Bibi, zile kubwa tukiziweka hapa utaziona kila siku mpaka zife. Tukizipeleka juu kwa wamisionari hutaziona, lakini zitaishi. Uchague."

"Wewe ungechagua nini?" akauliza.

"Mimi nilimpeleka mwanangu wa kwanza milimani kwa mama mkwe, alipokuwa na homa kila mwezi. Nilimkosa nyumbani. Yuko hai."

Akasimama akaingia ndani. Nilifikiri nimeharibu. Akatoka na shali yake ya sufu, akaniambia nizifunge nayo mizizi, zisipate upepo njiani.

Nilizipeleka mwenyewe na wapagazi wanne, siku tatu za kupanda. Nikazipanda kwenye kilima chenye ukungu, nyuma ya nyumba ya wamisionari, juu juu, kwa maana mmea huu ukiuzika shina unaumaliza. Nilichimba shimo pana kuliko mikono yangu miwili na fupi kuliko kiganja na kidole, nikatandaza majani makavu juu. Mmisionari alisema ni shimo la ajabu. Nikamwambia ni mmea wa ajabu.

Azalea zilizobaki nasi ziliwekwa upande wa mashariki wa nyumba, zikapata jua la asubuhi tu. Mwaka uliofuata, baridi ya Juni ilipoingia, ncha za matawi zilivimba vitumba. Mwishoni mwa Julai, asubuhi moja, nilikuta chungu cha kwanza kimechanua chote, rangi ya waridi iliyokolea, hakuna jani lililoonekana. Sikupiga kelele. Nilikwenda kumwita Fundi Salimu, akaja, akatazama, akavua kofia yake akaipangusa vumbi, akaivaa tena. Ndipo tukamwita Bibi Heda. Alitoka miguu mitupu. Alipiga magoti kwenye changarawe, akazungumza na ua lile kwa Kidachi, nasi tukaenda kando kwa adabu. Siku hiyo watu wa bandarini walipita kuangalia, shemeji yangu akiwemo. Aliuliza kama yale matope niliyokuwa nikicheza ndiyo haya. Nikamwambia ndiyo haya haya.

Sasa naandika jambo ambalo nimewasimulia wachache, na ninyi hamkulisikia.

Miaka michache baadaye azalea zilikuwa nyingi. Tulizizidisha kwa kulaza matawi: unaliinamisha tawi la chini, unalikwaruza ubavu wake, unalizika kwenye mboji na jiwe juu, unasubiri mwaka mzima bila kulifukuafukua. Nilikwisha kuwa hodari, na hodari huyo alianza kufanya mambo bila kufikiri. Baada ya maua kwisha nilipogolea vichaka vyote, nikarusha matawi nyuma ya bustani, upande ambao hapakuwa na uzio. Huko ndiko walikolala mbuzi wa maziwa wa bwana, watano.

Asubuhi iliyofuata Mama Rebeka alileta vyungu, akapita njia ya nyuma kama kawaida. Haikupita saa moja mchungaji akaja mbio: mbuzi wanapepesuka, wanatoa povu, wanatapika. Mbuzi kutapika! Hakuna aliyewahi kuona. Watatu walikufa kabla jua halijapanda sana. Askari mmoja akasema amemwona mwanamke wa Kikisi akipita pale na vyungu vyake, na inajulikana hawa watu wa milimani wana dawa. Wakamkamata. Walimfunga mikono, wakamkalisha kwenye ngazi za forodha juani, bwana akasema kesho atapelekwa bomani juu, na huko ataeleza vizuri. Sote tulijua huko watu walilazimishwaje kueleza.

Nilikwenda kuwaangalia mbuzi. Kwenye matapishi niliona vipande vya majani madogo kama ukucha, yenye vinyweleo.

Wadogo zangu, nilijua pale pale. Nilichukua kipande nikakiweka kiganjani, nikageuka, nikaliona rundo langu la matawi limeliwa nusu. Kisha nikaenda kwenye kibanda cha vifaa nikaanza kunoa mkasi ambao ulikuwa mkali tayari. Niliunoa. Nilifikiri habari za hamsa ishirini, na mke wangu, na kwamba labda jioni watamwachia. Jua lilikuwa juu ya minazi ya bandarini nilipoanza kunoa. Lilikuwa utosini nilipoweka mkasi chini.

Fundi Salimu alikuwa na mmoja wa wale mbuzi wawili waliobaki wanahema, akimnywesha mkaa uliosagwa na maji kwa chupa. Nikamwonyesha kiganja changu. Aliangalia, akaniangalia.

"Umelitupa wewe?"

"Mimi."

Alisimama, akafuta mikono kwenye kanzu. "Twende wote," akasema. "Nami sikukukataza."

Bwana alikuwa barazani na Bibi Heda. Nilisema kila kitu: matawi, majani, matapishi. Nilisema yule mama hana kosa, na vyungu vyake havina kosa. Bwana uso ulikuwa mwekundu.

"Nani alikuambia majani haya yana sumu?" akauliza. "Umetunga ili kumwokoa mchawi!"

"Hakuna aliyeniambia, Bwana. Ningeambiwa, nisingetupa."

Hapo Bibi Heda akaongea, kwa Kiswahili, ili nasi tusikie. "Ni kweli. Nyumbani kila mchungaji anajua. Kondoo wakila, wanakufa. Mimi nilijua. Sikusema." Akarudia, kwa sauti ya chini zaidi, "Sikusema."

Bwana hakuweza kunipiga bila kumwaibisha mke wake machoni petu. Alisema nijenge uzio kuzunguka bustani yote, kwa mikono yangu, siku zangu za kupumzika, na kwamba huyo mwanamke aende zake. Mbuzi wa mwisho wawili walipona. Fundi alisema ni mkaa. Mchungaji alisema ni maombi yake.

Nilikwenda ngazini kumfungua Mama Rebeka. Midomo ilikuwa imekauka. Kamba ilikuwa imemchubua.

"Mama, unisamehe. Ni mimi niliyetupa majani."

"Ulijua lini?"

Nikaonyesha minazi. "Jua lilipokuwa pale."

Akatazama juu. "Na sasa liko wapi?"

Nilishika fundo la kamba.

"Haya," akasema, "nifungulie na mkono huu."

Aliondoka bila kunywa maji. Misimu miwili vyungu vililetwa na kaka yake peke yake, nami sikuthubutu kuuliza. Nilijenga uzio wa mianzi, urefu wa kifua, nikazika chini yake mawe ili mbuzi asichimbe, na matawi yote tangu siku ile nayachoma au nayazika. Ninyi mlipofika kazini mlidhani ni ukali wangu wa bure. Msimu wa tatu Mama Rebeka alikuja. Hakuniita. Alikwenda kwenye uzio, akaushika kwa mikono miwili, akautikisa kwa nguvu zake zote, mwanzi hadi mwanzi, mpaka pembeni. Haukucheza. Ndipo akageuka.

"Ugonile, Ambilikile," akanisalimu kwa lugha yetu.

"Ndaga, mama. Ndaga fijo," nikamshukuru.

"Nimekuletea vya matundu sita. Nilifikiri matano hayatoshi."

Matundu sita yalikuwa bora. Tangu hapo ni sita.

Fundi Salimu alirudi Tanga alipozeeka, akaniachia mkasi wake na neno moja: nisipogolee nikiwa na hasira. Nami nimeongeza yangu machache. Ukitaka kuchagua, chagua kwanza mahali unapoishi, kisha mmea: jani kubwa lipelekwe juu kwenye ukungu, jani dogo linaweza kubembelezwa huku chini. Usichimbe chini ya kichaka kutafuta magugu. Mizizi iko juu juu, ng'oa kwa mkono. Ua likinyauka livunje kwa vidole, usiguse vichipukizi viwili vilivyo chini yake, ndivyo vitakavyochanua mwakani. Jani likiwa manjano, uliza maji kabla ya kuuliza mbolea.

Vita mliviona wenyewe. Bwana na Bibi Heda waliondoka kwa haraka, Bibi akashika chungu kimoja mapajani ndani ya machela, sijui kilifika wapi. Askari waliopiga kambi walichoma uzio wangu kupikia, wapagazi wakalala kati ya vyungu, vingi vikavunjika. Mimi na ninyi wawili tulibeba vilivyobaki tukavificha kwenye migomba ya mtu. Andembwisye, bado nakumbuka ulivyolalamika kwamba watu wengine wanaficha ng'ombe.

Waingereza walipovuka mto Songwe wakaingia, na mambo yakatulia, tulivirudisha. Ilikuwa majira ya baridi, vikachanua kana kwamba hakukuwa na lolote. Siku moja afisa mmoja wao alikuja na mkalimani, mtu mzima mwenye miwani. Afisa alisimama ghafla. Akainama, akagusa jani, akasugua kwa kidole gumba. Akasema maneno mengi.

"Anasema," mkalimani akatafsiri, "hii ni azalea. Anasema azalea haikai ziwani. Kuna joto, na maji ni mabaya kwake. Anasema haiwezekani."

Tulikuwa tumezungukwa na vyungu arobaini vilivyochanua. "Mwambie ni kweli," nikasema. "Sisi pia ilituchukua muda kulijua hilo."

Afisa alicheka, akatoa daftari. Akauliza kazi hii ni ya nani. Mkalimani akaninong'oneza, "Sema ni ya Mdachi aliyekuwepo, usijitafutie makuu."

Nikasema kwa sauti, "Ni yangu. Naitwa Ambilikile, wa Ngonga. Na ya Fundi Salimu wa Tanga. Na ya Mama Rebeka, Mkisi."

"Huyo mwanamke alikuwa mtunza bustani?"

"Mfinyanzi."

"Mfinyanzi anahusikaje na azalea?"

"Mwambie, asingekuwepo yeye, bwana huyu angekuwa amesimama kwenye matope, anatazama matope."

Mkalimani alisita, akatafsiri kitu fulani, labda si chote. Afisa akaandika. Alikosea jina langu, akaweka herufi moja badala ya nyingine, nami nikanyoosha mkono, akanipa kalamu, nikasahihisha mwenyewe. Nikaangalia na yale mengine mawili. Yalikuwa sawa, lakini la Mama Rebeka lilikuwa limebanwa pembeni, dogo, nusu yake imeingia kwenye mkunjo wa karatasi. Nikaliandika upya, katikati ya ukurasa, kwa herufi kubwa, kisha nikamrudishia kalamu yake.